Giaboksi otomatiki ya kiwandani inabeba nguvu kiasi gani?

Swali, kwa ufupi: Msomaji ana Toyota yenye injini ya 2JZ-GE isiyo na tabo na giaboksi otomatiki ya kasi nne, A340E, zote kama zilivyotoka kiwandani. Anataka kufunga tabo afikishe nguvu farasi 350. Fundi mmoja amemwambia giaboksi hiyo inabeba farasi 400 bila kuguswa. Mwingine amesema itaungua ikifika 280. Anauliza amwamini nani, na afanye nini kabla hajatoa pesa.

Jibu:

Ndugu, huenda mafundi wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa magari aliyoyashika. Kilichowapotosha ni kipimo. Giaboksi haijui farasi. Inachokisikia ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti inayoingia ndani yake, na inaisikia kwa namna tofauti kulingana na gia iliyopo, presha ya oili, joto na uzito wa gari. Mtu akikupa idadi ya farasi peke yake bila kutaja mambo hayo, amekupa nusu ya jibu.

Anza na hesabu hii: kilowati ni torki kwa Nm (nyutoni-mita), mara mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9549. Farasi 350 ni kilowati 257 hivi. Injini inayozitoa kwenye mizunguko 7,500 inahitaji torki ya Nm 327 tu hapo. Ikizitoa kwenye 6,000, torki ni Nm 409. Ikizitoa kwenye 4,500, kwa tabo ndogo inayojaa mapema, ni Nm 545. Farasi ni wale wale, ila mzigo wa giaboksi umepanda kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo swali la kumuuliza atakayekufungia tabo ni "torki ya juu kabisa itakuwa ngapi, na itaanzia mzunguko gani?" Farasi waje baadaye.

Namba za viwanda zinasemaje

Baadhi ya watengenezaji huandika uwezo kwenye jina lenyewe la giaboksi. ZF ndio waliowazi zaidi: kwenye familia ya 8HP, kwa mfano 8HP70, namba ya kwanza ni idadi ya gia, na ya mwisho ukiizidisha kwa 10 unapata torki ya injini iliyokusudiwa. Hivyo 8HP45 ni Nm 450, 8HP70 ni Nm 700 na 8HP90 ni Nm 900. Kwa 6HP za kabla yake kuzidisha huko hakufanyi kazi: 6HP19 ni Nm 400 na 6HP26 ni Nm 600. Mercedes walitoa giaboksi yao ya kasi tano, 722.6, kwa ukubwa tofauti: W5A330 ya Nm 330 na W5A580 ya Nm 580. Kwa nje mtu asiyezijua anaweza kuzidhania moja.

Usilinganishe namba za kampuni moja na nyingine bila kujua zinapimwa wapi. Kwenye 4R70W ya Ford, 70 inamaanisha futi-pauni 700, ambazo ni karibu Nm 950, lakini hiyo ni torki baada ya konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kuizidisha, haipimwi kwenye injini. Kwa GM, 60 na 80 katika 4L60-E na 4L80-E ni daraja la uimara tu. Torki ya injini iliyokubaliwa ni karibu Nm 490 kwa ile ya kwanza na karibu Nm 600 kwa ya pili. Mtu akiona 70 ya Ford na 70 ya ZF akadhani ni kitu kimoja, ameshapotea.

Nazo zile giaboksi za klachi mbili ambazo watu huziita otomatiki zina mipaka yake. DQ200 ya Volkswagen, yenye klachi kavu, ni Nm 250. DQ250, yenye klachi za oili, ni Nm 350. Za CVT (zisizo na gia maalumu, uwiano hubadilika taratibu) za mkanda wa chuma sizishauri kabisa kwa kuongeza nguvu: mkanda ukiteleza mara moja unachuna uso wa puli, na mchubuko huo hauponi.

Namba ya kiwanda imewekwa kwa gari litakalobeba abiria na mizigo, kupanda milima kwenye joto na kudumu miaka mingi mikononi mwa dereva asiyejali. Ndiyo maana gari jepesi linaloendeshwa kwa akili linaweza kuzidi namba hiyo kiasi na lisife. Lakini kiasi hicho cha akiba hakikuachwa kwa ajili yako. Kiliachwa kwa ajili ya oili iliyochakaa, sili zilizokakamaa na siku ya kuvuta tela.

Kinachoungua ni nini hasa

Watu hudhani giaboksi hufa kwa kuvunjika meno. Hutokea, lakini nyingi hufa kwa kuteleza. Ndani kuna pakiti za klachi: pleti za msuguano zikipishana na pleti za chuma, zikibanwa na pistoni inayosukumwa na presha ya oili. Uwezo wa pakiti ni idadi ya nyuso zinazogusana, mara kiwango cha msuguano, mara nguvu ya kubana, mara nusu kipenyo cha wastani.

Chukua pakiti ya mfano yenye pleti sita za msuguano, yaani nyuso 12. Msuguano ndani ya oili ni 0.13, nusu kipenyo cha wastani ni milimita 65, eneo la pistoni ni sentimita za mraba 80, na springi ya kurudisha inakula nyutoni 1,000. Presha ikiwa kPa 1,000, pistoni inasukuma kwa nyutoni 8,000, zinabaki 7,000, na pakiti inashika karibu Nm 710. Sasa presha ishuke hadi kPa 700 kwa sababu pampu imechoka au sili inavuja. Zinabaki nyutoni 4,600, na pakiti ile ile, pleti zile zile, inashika Nm 466 tu. Presha imepungua asilimia 30 lakini uwezo umepungua asilimia 34, maana springi haipunguzi sehemu yake.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini giaboksi mbili zenye jina moja hupewa hukumu mbili tofauti. Moja ilikuwa na presha, nyingine haikuwa nayo.

Konveta nayo inaongeza mzigo. Gari likiwa limesimama na injini inavuta, konveta nyingi huzidisha torki kwa mara 1.8 hadi 2.5. Injini ikitoa Nm 250 wakati wa kuondoka, shafti ya kuingilia inaweza kupokea Nm 500. Kadiri gari linavyoongeza mwendo, uzidishaji unashuka hadi kufika mara 1, yaani torki inapita bila kuzidishwa. Tabo kubwa inayochelewa kujaa haisumbui sana wakati wa kuondoka, kwa sababu konveta ya kiwandani haiiachi injini ipande mizunguko ya kutosha tabo ijae. Ukifunga konveta iliyolegezwa ili injini ipande zaidi kabla gari halijaondoka, unaleta pamoja torki ya tabo na uzidishaji wa konveta, yaani vitu viwili ambavyo kiwanda kilivitenganisha.

Wakati mgumu kuliko wote ni pale gia inapobadilika. Kwenye A340E gia ya kwanza ni 2.80 na ya pili ni 1.53. Ukibadilisha kwenye mizunguko 6,000, injini inalazimika kushuka hadi karibu 3,280. Klachi inayokamata haibebi torki ya injini tu. Inaifunga breki injini yenyewe pamoja na konveta. Kwa uzito wa kawaida wa vitu hivyo vinavyozunguka, kushusha mizunguko 2,700 ndani ya sekunde 0.4 kunaongeza karibu Nm 180 juu ya torki iliyopo. Injini ya Nm 450 inageuka kuwa mzigo wa zaidi ya Nm 600 kwa muda huo mfupi.

Ukilegeza ubadilishaji uchukue sekunde 0.8 ili uwe laini, nyongeza hiyo inashuka hadi karibu Nm 90, lakini pleti zinasuguana kwa muda mara mbili, na kwa hesabu ya juu juu joto linalozaliwa linapanda kwa zaidi ya nusu. Ulaini unaosifiwa na abiria unalipwa na klachi. Ndiyo maana magari yenye udhibiti wa kompyuta hupunguza torki ya injini kwa kuchelewesha cheche wakati wa kubadilisha gia. Ukifunga kompyuta nyingine ya injini ikasahau kazi hiyo, klachi zitabeba mzigo ambao hazikuwahi kubebeshwa.

Kosa linaloua giaboksi nzima kimya kimya

Hili ninalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo chanzo cha vifo vingi vinavyosingiziwa "giaboksi dhaifu".

Kwenye gari la kisasa, kompyuta ya injini huiambia kompyuta ya giaboksi: sasa hivi natoa torki kiasi hiki. Giaboksi hupanga presha ya kubana klachi kwa kufuata taarifa hiyo. Ukiweka kile kiboksi cha kudanganya sensa ya presha ya hewa ili tabo ijaze zaidi, injini inatoa Nm 450 huku ikiripoti Nm 350. Giaboksi inabana kwa ajili ya 350 na klachi zinateleza. Hazitelezi kwa kishindo utakachokisikia. Ni mizunguko 50 au 100, kila unapokanyaga, hadi oili inakuwa nyeusi. Kutuni kompyuta yenyewe ya injini ili iripoti torki ya kweli, na kugusa mipaka ya kompyuta ya giaboksi, ni kazi ghali zaidi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kwa A340E yako jambo lina sura ya kizamani. Kama toleo lako lina kebo ya throto (valvu ya hewa ya injini inayofunguka ukikanyaga mafuta) inayoingia kwenye giaboksi, kebo hiyo ndiyo inayopanga presha kuu. Nyakati za kubadilisha gia zinasimamiwa na kompyuta kwa solenoidi, yaani valvu za umeme. Tazama mtego ulipo: kebo inajua throto imefunguka kiasi gani, lakini haijui kama kuna tabo. Kwenye injini isiyo na tabo, throto ikiwa nusu, torki ni ya wastani na presha ya wastani inatosha. Ukishafunga tabo, throto ikiwa nusu unaweza kuwa tayari na torki kubwa kuliko ile ya throto nzima ya zamani, huku giaboksi ikibana kwa presha ya nusu. Ndiyo maana A340E nyingi zilizofungiwa tabo haziungui kwenye mbio; zinaungua mtaani, kwenye kukanyaga nusu nusu, mlimani.

Dawa yake ya kwanza ni bure: hakikisha kebo imerekebishwa. Throto ikiwa imefunguliwa yote, umbali kati ya kizuizi cha kwenye waya na mwisho wa ala unatakiwa uwe kati ya milimita 0 na 1. Kebo iliyolegea inashusha presha kote. Kuikaza kidogo kupita hapo kunapandisha presha mapema. Gia zitaingia kwa mshtuko zaidi, na kwa gari lenye tabo mshtuko mdogo ni habari njema. Dawa ya pili ni kupanga presha ya tabo ifuate throto, isijae yote ukiwa umekanyaga robo.

Kuhusu giaboksi yako

Kigezo kizuri kuliko maneno ya mtaani ni hiki: tafuta injini yenye torki kubwa kuliko zote ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga mbele ya giaboksi ya jina hilo. A340E ilifungwa kwenye Supra ya JZA80 yenye 2JZ-GTE, injini ya tabo mbili iliyotoa karibu Nm 430 hadi 450 kulingana na soko na mwaka. Injini yako ya 2JZ-GE inatoa Nm 280 hadi 295 hivi. Kwa hiyo familia hii ya giaboksi inajulikana kubeba torki ya kiwango cha 430 kwenye gari lenye udhamini.

Lakini usikimbilie kufurahi. Jina A340E halisemi ndani kuna pleti ngapi. Idadi ya pleti kwenye pakiti, springi za valvu bodi (sehemu yenye valvu zinazogawa presha ya oili) na konveta hutofautiana kati ya toleo lililokaa nyuma ya injini dogo na lililokaa nyuma ya injini kubwa. Lako lilipangwa kwa Nm 290. Hadi mtu alifungue na kuhesabu, usilipe sifa za lile la Supra.

Pakiti ya kuiangalia kwanza ni ile ya gia ya tatu, ambayo vitabu huiita C2. Inashika kwenye gia ya tatu, ya nne, na pia ya kurudi nyuma. Hivyo ukiona gari linateleza likiingia ya tatu, na pia linachelewa kushika ukiweka R, wakati ya kwanza na ya pili ziko imara, umeshajua ugonjwa uko wapi kabla ya kufungua boliti hata moja.

Hukumu yangu, kwa gari la uzito wa wastani lenye matairi ya kawaida: hadi Nm 400 au 420, ikiwa torki hiyo inaanza baada ya mizunguko 3,500 na vipimo nitakavyoeleza hapa chini vimepita, ningekubali giaboksi isiyofunguliwa, na ningependa kebo na kipozaji cha oili viwe vimeshughulikiwa. Kati ya 420 na 500, valvu bodi iongezewe presha na pakiti ya C2 iongezewe pleti. Ukipita 500 usiite tena giaboksi ya kiwandani. Ama ijengwe upya yote, pamoja na konveta, ama itafutwe nyingine. Farasi 350 unaowataka wanawezekana kwenye kundi la kwanza, kwa sharti tabo iwe ya ukubwa unaotoa kilele karibu na mizunguko 6,000, pale kwenye Nm 409. Ukichagua tabo ndogo kwa sababu unapenda gari livute chini, farasi hao hao watakupeleka kwenye kundi la tatu.

Pima kabla ya kununua chochote

Anza na oili. Gari likiwa na joto la kazi, kwenye tambarare, injini ikinguruma taratibu, pitisha lever kwenye kila nafasi kisha urudishe P na usome kijiti. Rangi ya kahawia iliyokolea si hukumu peke yake. Harufu ya kuungua ndiyo hukumu. Kisha shusha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vyeusi vya msuguano, au vumbi la rangi ya shaba kutoka kwenye bushi, vinamaanisha giaboksi inahitaji matengenezo hata kwa nguvu ulizo nazo leo. Kuweka tabo juu ya hali hiyo ni kupoteza tabo na giaboksi kwa mpigo.

Cha pili ni kipimo cha kukanyaga gari likiwa limezuiwa. Oili iwe na joto la nyuzi 50 hadi 80, weka vizuizi kwenye magurudumu yote, breki ya mkono na ya mguu zote, weka D, kanyaga mafuta yote na usome mizunguko inapotulia. Usizidishe sekunde 5. Sababu ni ya hesabu: injini ya Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 inamwaga karibu kilowati 66, na kwa kuwa gari haliendi, zote zinageuka joto ndani ya konveta. Ikiwa na lita nne hivi za oili, joto linapanda kwa karibu nyuzi 10 kila sekunde. Sekunde tano ni nyuzi 50. Rudisha N, iache injini ingurume angalau dakika moja, kisha rudia kwa R. Mizunguko ikizidi ya kitabu kwenye D peke yake, klachi ya mbele inateleza. Ikizidi kwenye D na R, shuku presha kuu. Ikiwa chini sana, injini haina nguvu au klachi ya upande mmoja (inayoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu) ndani ya konveta imekufa. Kipimo hiki kifanye sasa, kabla ya tabo. Baada ya tabo usikifanye tena.

Cha tatu, ambacho wengi hukiruka ingawa ndicho chenye thamani kuliko vyote, ni presha kuu. Funga geji ya kufika kPa 2,000 kwenye tundu la kupimia. Giaboksi za aina hii kwa kawaida huonyesha kPa 350 hadi 450 kwenye D injini ikinguruma taratibu, na karibu 1,000 au zaidi kidogo injini ikivuta. R huwa juu ya hapo. Linganisha na kitabu cha toleo lako. Presha ikiwa chini kwenye nafasi zote, angalia kebo, filta, valvu ya kurekebisha presha na pampu, kwa mpangilio huo. Ikiwa chini kwenye nafasi moja tu, kuna sili inavuja kwenye njia ya klachi hiyo.

Ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta kwenye gari linaloonyesha mzunguko wa shafti ya kuingilia na ya kutokea, una silaha nyingine. Gawanya moja kwa nyingine: kwenye gia ya tatu ya 1.00 lazima zilingane. Zikitofautiana ukiwa umekanyaga, hiyo ni klachi inateleza, hata kama wewe kwenye kiti husikii kitu.

Ukiamua kuendelea

Kipozaji cha oili kije kabla ya tabo. Kwa kanuni ya mafundi, ukishavuka karibu nyuzi 80, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa nusu. Kwenye 120 inaanza kuacha utando kwenye valvu, na kuelekea 150 sili zinakakamaa na klachi zinaanza kuachia. Pitisha oili kwanza kwenye rejeta kama kawaida, kisha kwenye kipozaji cha nyongeza, halafu irudi kwenye giaboksi. Weka sensa ya joto kwenye sampu, au kwenye bomba linalotoka kwenye giaboksi ukitaka kuona konveta inafanya nini. Usitumie hozi ya mafuta ya petroli kwa kazi hii. Tumia iliyotengenezwa kwa ATF (oili ya giaboksi otomatiki) yenye joto. Na baki na aina ya ATF iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu viungo vya msuguano vya oili nyingine vinabadilisha tabia ya kushika kwa pleti.

Presha ipandishwe kwa asilimia 10 hadi 15, usipite hapo kwa giaboksi isiyofunguliwa. Wapo wanaoipandisha hadi mwisho wakidhani wamemaliza kazi. Presha kubwa mno inapiga klachi kama nyundo, inapasua ngoma, inavunja klachi za upande mmoja, na inapuliza sili za pistoni zilizozeeka. Giaboksi iliyoishi miaka 25 ina sili ngumu, na ngumu haipendi presha mpya.

Kama inafunguliwa, badilisha sili zote, si zile zilizopasuka tu. Kuongeza pleti kwenye pakiti mara nyingi kunafanywa kwa kutumia pleti za chuma nyembamba zaidi ili nafasi ipatikane. Inafanya kazi, ila pleti nyembamba zinahifadhi joto kidogo, hivyo zinachemka upesi ukibadilisha gia mfululizo. Uwazi wa pakiti ufuate kitabu. Ukikosa kitabu, karibu milimita 0.25 kwa kila pleti ya msuguano ni mahali salama pa kuanzia. Loweka pleti mpya kwenye ATF angalau saa moja kabla ya kuzifunga. Pleti iliyofungwa kavu inaungua uso kwenye dakika ya kwanza, na hakuna kitakachoirudisha.

Klachi ya kufunga konveta, ile inayounganisha injini na shafti moja kwa moja kwenye mwendo wa safari, mara nyingi ina uso mmoja tu wa msuguano na ilipimwa kwa torki ya injini ya zamani. Iambie kompyuta iifungue kila tabo inapojaza. Likiwa ni gari lenye waya wa solenoidi unaofikika, swichi ya presha ya hewa inayoukata inatosha.

Upande wa injini, mtuni apewe masharti haya kwa maandishi: tabo ijazwe kidogo kwenye gia ya kwanza na ya pili, isijaze yote chini ya mizunguko 3,500, na cheche zicheleweshwe kila gia inapobadilika. Kwenye gia ya nne usikanyage yote ukiwa kwenye mizunguko ya chini. Bonyeza kitufe cha ovadraivu ukatumie ya tatu.

Matairi usiyasahau. Tairi linaloteleza barabarani linaipumzisha giaboksi, kwa kuwa torki haiwezi kupita ile ambayo lami inaikubali. Siku utakapofunga matairi mapana yanayonata, mzigo uliokuwa ukipotea kwa moshi utarudi wote ndani. Gari la kuendesha magurudumu yote manne linabeba adhabu hiyo tangu siku ya kwanza. Na kuingurumisha injini kwenye N kisha kutupa lever kwenye D kunavunja klachi za upande mmoja hata kwenye gari lisiloongezewa nguvu yoyote.

Baada ya kilomita 1,000 za kwanza na tabo, shusha sampu tena, futa sumaku, badilisha filta na oili, kisha rudia kipimo cha presha injini ikinguruma taratibu. Ukikuta vipande vyeusi vipya kwenye sumaku uliyoiacha safi, punguza presha ya tabo siku hiyo hiyo na utafute klachi ipi inateleza kabla ya kuendesha tena kwa kasi.